Dharau katika Upatanisho wa Kisarufi

Dharau katika Kiswahili haimo katika vitenzi kama beza, tweza na beua pekee; imo pia katika ngeli. Aitwaye 'kijitu' huondolewa katika ngeli ya watu na kutiwa katika ngeli ya vitu. Lakini kiambishi ki- peke yake si ushahidi wa kutosha. Kiongozi, kijana na kipofu huanza kwa ki-, ila twasema 'kipofu amefika', kwa upatanisho wa viumbe hai. Asemaye 'kipofu kile kimefika' amemtweza mwenziwe kwa sarufi tu, pasipo kutamka tusi. Hata hivyo, 'kitoto kimelala' yaweza kuwa kauli ya mapenzi. Muktadha ndio uamuao. Hivyo, kamusi ielezayo 'kijitu' kuwa mtu mdogo tu haijatimiza wajibu wake.