Pumu Isiyotulia na Fangasi wa Hewani

Mwenye pumu anakohoa, na makohozi yanatoka na vipande vigumu vya rangi ya kahawia. Eksirei inaonyesha madoa kwenye mapafu. Pale ambapo kifua kikuu (TB) kimeenea, ni rahisi aanzishiwe dawa za TB ingawa vipimo vya makohozi havikuona bakteria. Anazimeza miezi 6, na kifua bado kinabana.

Nchini India, madaktari wa mapafu wa Chandigarh wamewapokea wagonjwa wengi wa namna hiyo. Walichokuwa nacho si TB, bali mzio wa fangasi aitwaye Aspergillus fumigatus, ugonjwa ulioelezwa kwa mara ya kwanza Uingereza mwaka 1952.

Fangasi huyu huota kwenye mboji, majani yanayooza, nafaka iliyovunda na kuta zenye unyevu. Vijimbegu vyake ni vidogo mno, maikromita 2 hadi 3 tu, hivyo huelea hewani na kila mmoja wetu huvivuta kila siku. Mapafu mazima huvifagia bila mwenyewe kujua.

Kwa baadhi ya wenye pumu, vijimbegu hunasa kwenye ute mzito na kuota humo humo. Fangasi huyu hali mwili. Mwili ndio unaojiumiza kwa kupigana naye kupita kiasi. Kingamwili aina ya IgE hupanda mno, ute huganda na kuziba njia za hewa. Miaka ikipita bila tiba, mirija hutanuka na kuharibika, wala hairudi ilivyokuwa. Inauma zaidi kwa kuwa hasara hiyo huzuilika.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalitaja watu wazima wapatao milioni 4.8 duniani wenye ugonjwa huu. Tiba ipo: vidonge vya prednisoloni kwa miezi kadhaa, au dawa ya fangasi, itrakonazoli, chini ya uangalizi wa daktari, kwa sababu itrakonazoli hugongana na baadhi ya dawa za pumu za kuvuta. Ugonjwa huweza kurudi, kwa hiyo IgE hupimwa tena na tena. Hauambukizi.

Ewe mwenye pumu isiyotulia, hasa uliyetibiwa TB ambayo maabara haikuithibitisha, mwombe daktari akupime damu: IgE kwa jumla, na ile ya Aspergillus. Usiache dawa yoyote kabla ya majibu.