Mnakwenda Ng'ambo: Nyumba Inabaki na Nani?

Hapa Morogoro habari za familia kusafiri si ngeni. Baba amepata masomo ya miaka mitatu, au mama amepata kazi nje. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichoanzishwa mwaka 1984, na chuo cha Mzumbe vimepeleka wengi ng'ambo. Watu huagana kwa nyimbo na sala, masanduku hufungwa. Swali moja huachwa mpaka siku ya mwisho: nyumba ya Kihonda au Bigwa inabaki na nani?

Nyumba iliyofungwa huzeeka upesi. Masika ya Machi hadi Mei hupata bati lililolegea, mchwa hupanda milangoni, popo huhamia darini. Ndiyo maana wengi huipangisha, na kodi yake yaweza kumlipia ada mtoto aliyebaki bweni. Lakini tumemwona pia mama aliyerudi na watoto watatu akakuta shemeji amekwisha kupokea kodi ya mwaka mzima. Fedha zilikuwa zimeliwa, mpangaji alikuwa na haki yake, na mama akakaa kwa ndugu kwa miezi saba. Hakukuwa na maandishi yoyote. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Mume na mke wakubaliane

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema kwamba mmoja wa wanandoa hawezi kuiuza, kuitoa zawadi, kuiweka rehani wala kuipangisha nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kwa hiyo, hata kama hati ina jina la baba peke yake, mama ana sauti. Kaeni pamoja mapema. Kodi itaingia kwenye akaunti ya nani? Itafanya kazi gani? Na mama mkwe anayeishi chumba cha uani ataishi vipi na wageni? Msimfanye mlinzi wa nyumba bila kumuuliza.

Mwakilishi mwenye mipaka

Mchagueni mtu mwaminifu anayeishi karibu. Si lazima awe ndugu. Mwandikieni hati ya uwakili mbele ya wakili, ieleze anayoruhusiwa: kupokea kodi, kutengeneza bomba lililopasuka, kuwapa wapangaji risiti. Ieleze pia asiyoruhusiwa, hasa kuuza au kuweka rehani. Mwenyekiti wa mtaa naye amfahamu. Tukimpa mtu mipaka iliyo wazi tunamlinda na lawama, na undugu unabaki salama.

Mkataba ulioandikwa

Huko milimani Uluguru, ambako kwa desturi ardhi ya ukoo hurithiwa upande wa mama, wazee walilijua jambo hili zamani. Mgeni aliyeazimwa shamba angeweza kulima mahindi na maharage, lakini asingepanda miti ya kudumu. Mti hukaa miaka mingi, na aliyeupanda hudai ardhi iliyo chini yake. Nanyi andikeni: mpangaji asijenge banda la kudumu, asivunje ukuta, asimpangishe mtu mwingine.

Tarehe ni muhimu kuliko yote. Wenye nyumba wengi hupenda kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo. Kama mnarudi baada ya miezi minane, msipokee ya mwaka. Wekeni pia muda wa kupeana taarifa, kwa mfano miezi mitatu, ili naye apate kutafutia watoto wake pa kulala.

Kodi za Serikali

Pango lina kodi ya zuio ya asilimia 10 inayokwenda Mamlaka ya Mapato. Tena, tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Anayenunua umeme ni mpangaji, lakini mzigo ni wa mwenye nyumba. Semeni kwenye mkataba jinsi atakavyorudishiwa, maana fedha hizo ndogo za kila mwezi zimezaa ugomvi mkubwa.

Kabla ya kukabidhi funguo

Sisi wauguzi tunasisitiza: msiache stoo dawa za hospitali, sumu ya panya, mafuta ya taa wala dawa za shambani. Watoto wa mpangaji hawajui kilichomo kwenye chupa ya soda. Tangi la maji lifunikwe vizuri, kwani mbu wa homa ya dengi huzaliana katika maji safi yaliyotuama. Nyavu za madirisha zitengenezwe, na shimo la choo linyonywe kama limejaa.

Vyeti vya watoto na hati ya nyumba visibaki humo, hata ndani ya chumba kilichofungwa. Lipeni bili ya maji, andikeni namba iliyo kwenye mita siku hiyo. Kisha piteni chumba kwa chumba pamoja na mpangaji, mkiandika kila kitu na hali yake: kitanda, jiko, kioo chenye ufa. Wote mtie sahihi, kila mmoja abaki na nakala.

Kazi hii ni ya siku mbili tu. Ifanyeni kabla ya sherehe ya kuagana, wakati bado mna utulivu wa kusoma kila mstari.