Tarakimu sita zinazofungua WhatsApp yako

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka.)

Leo tunaongea juu ya WhatsApp yako na namna ya kuifunga ili mwizi asiingie.

Kwetu sisi wakimbizi WhatsApp si mchezo. Ndimo tunamopata habari za ndugu waliobaki nyumbani. Mwizi akiingia, atamwandikia kaka yako kwa jina lako: "Mtoto ni mgonjwa, tuma pesa kwa namba hii." Kaka atatuma, kwa sababu anaona picha yako.

Anaingiaje? Mtu akiandika namba yako kwenye simu yake, WhatsApp inatuma tarakimu sita kwa SMS kwenye laini yako. Atakayezipata ndiye anayekuwa wewe. Ndiyo maana rafiki anaweza kukuandikia: "Nimetuma namba kwako kwa makosa, nirudishie." Huenda si yeye, akaunti yake imeshaibwa. Usimtumie. Mpigie kwanza, usikie sauti yake.

Wakati mwingine mwizi hakuombi kitu. Umeacha simu mahali pa kuchaji, SMS inatokea kwenye kioo, anaisoma. Au laini yako imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine: huyo anaweza kuomba laini mpya yenye namba ileile, na SMS zote zikaenda kwake.

Kwa hiyo weka kufuli ya pili. Fungua WhatsApp, ingia Mipangilio, kisha Akaunti, yenye alama ya ufunguo, kisha Uthibitishaji wa hatua mbili. Chagua namba ya siri ya tarakimu sita. Kuanzia hapo, mwizi mwenye SMS peke yake haingii. Usitumie tarehe ya kuzaliwa wala namba ya kadi ya chakula, maana wengi wanazijua. Weka na barua pepe yako, itakusaidia ukisahau.

Na kama umeshaibiwa? Usingoje. Ingiza namba yako upya kwenye WhatsApp, andika tarakimu sita za SMS, na mwizi atatolewa. Kama ameshaweka namba yake ya siri, utasubiri siku 7 ndipo uingie, lakini naye atakuwa nje. Siku hizo wapigie ndugu, uwaambie wasitume pesa.

Jambo la mwisho. Akija mtu anayejiita mfanyakazi wa UNHCR, akaomba tarakimu hizo ili jina lako liingie kwenye orodha ya kusafiri, huyo ni mwizi. Huduma za UNHCR ni bure, na kesi yako haihitaji namba ya siri ya simu yako.

Kama hatua hizi ni ngumu, mwombe kijana unayemwamini akuonyeshe. Lakini namba ya siri uibonyeze mwenyewe, yeye akiwa ametazama pembeni.

Mwambie na jirani yako.

(Muziki.)