Mwanamuke bila bwana anatafuta mutoto: feza inaenda wapi, na baba atakuwa nani mbele ya sheria?

Tuseme kuko mwanamuke wa miaka 36 pa Mokambo. Anauza unga na mafuta karibu na mupaka, ameshajenga nyumba yake, ako mu likelemba na wenzake. Bwana hana. Mutoto anamutaka. Amesikia kama siku hizi muganga anaweza kutia mbegu za mwanaume asiyejulikana ndani ya tumbo la uzazi, na mimba ikapatikana bila ndoa. Swali lake la kwanza ni fupi: "Ni feza ngapi?"

Mwanamuke huyu ni mufano tu, lakini swali lake ni la wengi, hata kama haliulizwe kwa sauti. Mu 2023, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza kama karibu mutu mumoja ku watu sita duniani anapata shida ya kuzaa wakati fulani wa maisha yake. Lakini mwanamuke asiye na bwana anaweza kuwa hana ugonjwa wowote. Pengine anakosa mbegu tu. Ao anakosa mbegu na tena mirija yake imezibwa. Tofauti ya hayo mawili njo inafanya mumoja alipe kidogo na mwingine alipe mara nyingi zaidi. Ndiyo maana jibu la "ni feza ngapi" halianzie ku kliniki ya mbali. Linaanzia ku vipimo.

Kazi mbili zenye watu wanachanganya

Kazi ya kwanza ni kutia mbegu. Muganga anafuata siku za mwanamuke kwa eko, na siku yai linapotoka, anapitisha mbegu zilizosafishwa kwa murija mwembamba mupaka ndani ya tumbo la uzazi. Inachukua dakika chache, bila kupasuliwa na bila kulazwa. Lakini yai na mbegu vinapaswa kukutana vyenyewe ndani ya murija wa uzazi, ile wengi wanaita trompe. Kama trompe zote mbili zimefungwa, kazi hii ni bure.

Kazi ya pili ni FIV. Mwanamuke anapigwa sindano kwa siku kama kumi ili mayai mengi yaive pamoja. Muganga anayatoa kwa sindano, anayakutanisha na mbegu mu laboratware, kisha siku chache anarudisha mimba changa ndani ya tumbo. Mutoto wa kwanza wa FIV, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 mwezi wa saba 1978. FIV inaruka trompe, kwa hiyo inamusaidia mwenye mirija iliyozibwa. Lakini inaomba dawa za bei kali, laboratware na waganga wenye kusomea kazi hiyo. Ku Kenya na Afrika Kusini, FIV moja inahesabiwa kwa maelfu ya dola, mara nyingi kati ya 3 000 na 6 000, mbele ya kuweka safari na malazi. Kutia mbegu kunakuwa chini sana ya hapo.

Lakini bei inayosemwa ni ya mara moja, na mara moja haitoshe kila wakati. Kwa mwanamuke wa chini ya miaka 35, kutia mbegu mara moja kunaleta mimba karibu mara 1 ao 2 kati ya 10. FIV inafika karibu mara 3 kati ya 10. Kisha miaka 35 hesabu inaanza kushuka, na kisha 40 inashuka sana, juu mayai yanazeeka hata kama mwili wa mwanamuke bado uko na nguvu. Kwa hiyo mwenye kupanga feza ya mara moja tu hajapanga. Anapaswa kuuliza bei ya mara tatu, pamoja na safari tatu.

Vipimo mbele ya safari

Hapa njo mahali feza kidogo inaweza kuokoa feza nyingi. Mwanamuke wetu wa Mokambo, mbele ya kufikiria ndege, anaweza kuomba vipimo vinne.

Kwanza eko ya tumbo la uzazi na ya mahali mayai yanatoka, ili kuona kama kuko uvimbe na kama mayai yanaiva. Pili, vipimo vya damu: ukimwi, kaswende, epatite, na vile vinavyoonyesha akiba ya mayai. Tatu, kipimo cha magonjwa ya zinaa. Ine, radio ya mirija: muganga anapitisha dawa yenye kuonekana ku radio, kisha anaangalia kama inapita mu trompe ao inasimama. Inafanywa kisha siku za damu kuisha, mbele yai halijatoka. Inauma kidogo, lakini inasema wazi kama kazi ya bei ya chini inawezekana ao hapana.

Kipimo hiki cha mwisho kina maana kubwa kwetu. Katika nchi nyingi za Afrika, mirija iliyozibwa ni moja ya sababu kubwa za kukosa mutoto. Mara nyingi inatokana na klamidia na kisonono vilivyokosa kutunzwa, ao na ambukizo lililoingia kisha kuzaa ao kisha mimba kutoka. Mwanamuke anaweza kukaa miaka kumi bila kujua, juu klamidia mara nyingi haiumize. Dawa ya kunywa ya "kuosha tumbo" haifungue murija ulioshikana. Mwenye kuinunua kila mwezi anapoteza feza, na zaidi anapoteza miaka.

Kwa vipimo hivi, wakaaji wa Mokambo wako na njia mbili: kupanda Lubumbashi, kwenye kuko hospitali Jason Sendwe na Kliniki za Universite, ao kuvuka mupaka na kutafuta ku hospitali za Copperbelt ya Zambia, Mufulira, Kitwe ao Ndola. Jambo la kushika ni moja: kuomba majibu yote mu karatasi, na picha ya radio mukononi. Kliniki ya mbali isipoona karatasi, itafanya vipimo upya, na mugonjwa atalipa mara mbili.

Mbegu inatoka wapi?

Mbegu zinawekwa mu benki zake, ndani ya azoti ya maji yenye baridi ya digri 196 chini ya sufuri. Moja ya benki kubwa duniani, Cryos, ilianza Aarhus ku Danemark mu 1987, na inatuma mbegu mu nchi nyingi. Lakini kazi kubwa ya benki iko mu kupima zaidi ya kuuza. Mwenye kutoa mbegu anapimwa ukimwi, epatite, kaswende na magonjwa mengine. Ku benki nyingi mbegu zake zinafungiwa karibu miezi sita, kisha yeye anapimwa tena mbele ya kuzifungua. Sababu ni kwamba mutu aliyepata virusi juzi anaweza kuonekana muzima leo.

Kwa Mukongomani kuko kipimo kingine cha lazima: SS. Karibu robo ya watu mu nchi yetu wanabeba alama ya SS bila kuwa wagonjwa. Mwanamuke mwenye AS akipata mbegu za mwanaume mwenye AS, kila mimba iko na bahati mbaya ya mara 1 ku 4 ya kuzaa mutoto wa SS. Kwa hiyo yeye mwenyewe anapaswa kujua kama ni AA ao AS, na kuuliza benki juu ya mwenye mbegu. Ni swali la kuandika, si la kusema tu.

Kuko wenye kufikiria njia ya bei ya chini: kuomba rafiki ao mutu wa kanisa atoe mbegu, na mambo yafanyike ku nyumba. Njia hiyo inaondoa bei ya benki, lakini inaondoa pia vipimo vyote hivyo. Na inaleta swali lingine, la sheria, lenye tutafikia.

Nani analipa?

Jibu fupi: mwanamuke mwenyewe. Programu ya serkali ya kuzalisha bure, ile ilianzishwa Kinshasa mu mwezi wa kenda 2023, inaangalia mama mwenye mimba, kuzaa, na mutoto muchanga. Haiangalie mwenye kutafuta mimba.

Watu wa Katanga wenye uwezo wanazoea kwenda kutunzwa Afrika Kusini. Huko sheria iko wazi kwa mwanamuke bila bwana: tangu 1997, ndoa si sharti tena ya kupata mbegu za mutu mwingine. Kanuni za 2012 zinazuia mbegu za mwanaume mumoja zisizalishe watoto zaidi ya sita. Na sheria ya watoto ya 2005 inasema mutoto ni wa mwanamuke aliyemuzaa, na mwenye kutoa mbegu hana haki wala muzigo juu yake. Lakini mugeni analipa yote kwa mufuko wake, na anaongeza paspoti, viza, ndege na majuma ya kukaa.

Ku Ubelgiji, sheria ya tarehe 6 mwezi wa saba 2007 inawaacha wanamuke bila bwana kuingia ku kliniki, na mituele inasaidia kulipa. Ku Ufaransa mulango ulifunguliwa na sheria ya tarehe 2 mwezi wa nane 2021, na bima ya serkali inabeba gharama. Hapo njo watu wanadanganyana ku simu. Dada anayeishi Brussels, mwenye mituele, anasema "huku ni karibu bure." Ni kweli kwake. Ndugu yake akitoka Mokambo na viza ya matembezi hana mituele, atalipa bei nzima.

Kuko pia swali la imani. Kanisa Katoliki, mu barua ya Roma ya 1987 inayoitwa Donum Vitae, linakataa mbegu za mutu asiye bwana wa ndoa. Mwanamuke mwenye kuishi karibu na kanisa lake ni vizuri alijue mbele, ili asilisikie mara ya kwanza siku ya ubatizo.

Karatasi ya mutoto

Sasa tuseme mimba imepatikana, na mutoto amezaliwa Congo. Code ya familia, sheria ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987 iliyorekebishwa mu 2016, inasema ku article 591: kila mutoto Mukongomani anapaswa kuwa na baba. Inasema tena hakuna mwenye haki ya kukana mutoto wake, azaliwe mu ndoa ao inje ya ndoa.

Maneno haya yanagusa kwanza ile njia ya rafiki. Karatasi yenye wawili walitia sahihi, "mimi sitakuwa baba, wewe hautaniomba kitu", haifute sheria. Kesho mwanaume anaweza kuja kudai mutoto. Ao mwanamuke, ao mutoto mwenyewe, anaweza kumupeleka ku tribinali atafutwe kama baba.

Na kama mbegu zilitoka ku benki, hakuna mwanaume wa kutafuta? Hapo sheria ya Congo iko na kitu chake: baba wa sheria, ile kwa Kifaransa wanaita père juridique. Kama mutoto aliyezaliwa inje ya ndoa hakupata baba wa kumutambua, tribinali inaweza kumuchagulia mumoja, kati ya watu wa familia ya mama ao mutu aliyetajwa na mama. Ombi linaweza kutoka kwa mutoto, kwa mama, ao kwa parke. Huyo baba anabeba kazi za baba kwa mutoto.

Kwa Walamba na Wabemba wa eneo la Sakania, jambo hili si geni sana. Kwao ukoo unafuata upande wa mama, na mujomba tangu zamani ana neno juu ya watoto wa dada yake. Lakini mujomba wa desturi hatoshe ku karatasi. Lazima tribinali iandike. Na lazima mwanaume huyo aulizwe na akubali mbele mimba haijapatikana, si siku mutoto analia mikononi.

Kisha kuzaa, mama ako na siku 90 za kuandikisha mutoto ku etat civil. Kungoja kuanza mambo ya baba wa sheria kusimuzuie kuandikisha, juu siku hizo zikipita, inaomba kupita ku tribinali, na kazi inakuwa ndefu.

Kwa hiyo mwanamuke wetu wa Mokambo, zamu yake ya likelemba ikifika, feza ya kwanza inaenda ku eko na ku radio ya mirija. Ya pili inaenda ku kipimo cha damu na cha SS. Kisha anaita kaka yake, ao mutu mwingine anayemutumainia, wanakaa na kuzungumza juu ya jina la baba. Akiisha kuwa na karatasi hizo na jibu hilo, sasa anaweza kupiga simu ku kliniki na kuuliza: "Ni feza ngapi, na ni kwa mara ngapi?"