Gari la Mvuke katika Maandamano ya Kijiji

Katika vijiji vingi vya Uingereza iko siku moja katika mwaka ambayo watu huandamana njiani kwa tarumbeta na magari yaliyopambwa, na watazamaji huchanga fedha za kuwasaidia wenye haja. Mwaka mmoja sisi wa kujitolea, tusiopokea ujira, tuliingiza gari la mvuke. Gari hili ni mfano wa gari la moshi, ila haliendi juu ya reli. Mwaka 1859 Thomas Aveling alitia mnyororo mashine ya mvuke ya shambani, iliyokuwa ikikokotwa na farasi, ikajiendesha yenyewe.

Tulikusanyika saa 10 alfajiri, maana maji mengi hayachemki upesi. Wengine walisugua masizi, wengine wakapakia makaa ya mawe, wengine wakapamba kwa maua tela la kupandia watoto. Mmoja wetu alitangulia na bendera nyekundu, kwa ukumbusho wa sheria ya 1865, iliyoamuru hivyo, na kukataza mwendo wa kupita maili 4 kwa saa.

Saa 8 mchana tukaondoka. Tulipopanda kilima, bomba la kioo lionyeshalo maji lilikuwa limejaa, nasi tukafurahi, tukawapungia watu mikono. Kumbe mlimani maji hurudi nyuma, kilipo kioo, nacho hudanganya. Tulipoanza kuteremka, maji yakakimbilia mbele, kioo kikawa kitupu. Na huko nyuma ndiko uliko moto: bamba lililo juu yake likikosa maji hulegea kwa joto, na pipa lote la mvuke laweza kupasuka.

Mzee mwendeshaji hakungoja shauri. Alisimamisha gari, akaamuru watoto washushwe. Mwenye bendera akakimbia nyuma kuwazuia waliotufuata. Kisha mzee akalirudisha gari polepole hata kileleni, mahali palipo sawa. Maji yakaonekana tena, kidogo tu, chini ya kioo; ndipo tukaongeza mengine.

Tarumbeta zilinyamaza, watu wakanung'unika, na zawadi wakapewa wengine. Nasi tuliona haya. Lakini jioni kila mtoto alirudi kwao mzima.

Wazee husema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Ni kweli, lakini moto ukiisha kuwaka, hapana budi mmoja aache kushangilia, akitazame kioo.