Urefu wa Gari, Uzito wa Nauli

Mpwa wangu ni muuguzi. Anaishi Vashon, kisiwa kilichoko katika mkono wa bahari uitwao Puget Sound, jimbo la Washington, Marekani, na kazi yake iko ng'ambo, mjini Seattle. Daraja hakuna. Mwaka jana alinipigia simu, huku Mombasa ikiwa saa sita za usiku.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini saa hizi?"

"Hakuna baya. Ni hii feri. Kila mwezi nikipiga hesabu naona nauli imekula pesa ya chakula. Wewe si ndiyo kazi yako? Niambie nifanyeje."

Nikamuuliza swali moja: gari lako lina urefu gani? Akanyamaza. Mwaka wa kuundwa anaujua, petroli inayokunywa anaijua, hata bei ya matairi anaikumbuka. Urefu hakuwahi kuuuliza. Nikamwambia akalale, asubuhi atafute futi ya kupimia.

Swali lile ndilo mlango wa hesabu yote. Feri ya magari ina kitu kimoja ambacho hakiongezeki hata ufanye nini, nacho ni nafasi ya sitaha. Mafuta yanaweza kununuliwa zaidi, mabaharia wanaweza kuajiriwa zaidi, lakini mita za sitaha ni zile zile zilizotoka kiwandani. Gari dogo, ukihesabu na upenyo wa kufungulia milango, hula mita za mraba kama kumi. Katika kipande hicho hicho wangesimama watu ishirini bila kusongamana. Ndiyo maana pale kivuko cha Likoni, Mombasa, mtu wa miguu huvuka bure na mwenye gari hulipa, na lori refu hulipa zaidi ya gari dogo. Ndiyo maana pia Norway, katika feri zinazotumia mfumo wa malipo wa AutoPASS, abiria hatozwi kitu. Kinachotozwa ni gari. Ukishaelewa kwamba unalipia sehemu ya sitaha, basi njia za kupunguza nauli zinakuwa chache na wazi: chukua sehemu ndogo, ichukue mara chache, ichukue wakati wengine hawaitaki, au iache kabisa uvuke kwa miguu.

Tuanze na urefu. Feri za Vashon ni mali ya serikali ya jimbo tangu mwaka 1951, iliponunua meli na njia zake kutoka kwa kampuni binafsi. Bei zake zimepangwa kwa futi. Gari lisilofika futi 14, yaani mita 4.27, lina nauli yake ya chini. Kuanzia hapo mpaka kabla ya futi 22, yaani mita 6.7, magari yote yamo katika kundi moja la kawaida. Angalia maana yake: gari la mita 4.3 hulipa sawa na pikapu ndefu ya mita 6.6, na sentimita tano tu zinatosha kukuvusha kutoka kundi la bei nafuu kwenda la bei ya kawaida. Vitz, ambayo Wamarekani waliijua kwa jina la Yaris, inapita chini ya mstari. Honda Fit inapita. Hata Probox ya mita 4.2 na kidogo ingepita, kama ingeuzwa huko. RAV4 za sasa hazipiti.

Kipimo huchukuliwa mwisho hadi mwisho. Kwa hiyo ile chuma ya kubebea baiskeli iliyofungwa nyuma tangu likizo ya mwaka juzi, au ndoano ya kuvutia trela ambayo mtu haitumii, inaweza kukugharimu kila unapovuka. Ifungue, iweke nyumbani. Hii ni akiba isiyotaka chochote zaidi ya spana.

Simshauri mtu auze gari zima kwa ajili ya sentimita. Kuuza na kununua kuna hasara yake, na hasara hiyo inaweza kumeza tofauti ya nauli ya miaka miwili. Lakini siku ya kubadilisha gari ikifika yenyewe, mkazi wa kisiwani anapaswa kuuliza urefu kabla ya kuuliza rangi, kama vile mkazi wa mlimani anavyouliza breki.

Jambo la pili linawapita hata wenyeji. Vashon hulipiwa upande mmoja. Unapotoka kisiwani, iwe kwa gati la kaskazini kuelekea Seattle au la kusini kuelekea Tacoma, hutozwi. Nauli ya kwenda na kurudi inachukuliwa unaporudi. Watu husikia hivyo wakadhani ni utaratibu wa ofisi tu. Mimi naona ni chombo cha kupangia maisha ya nyumba. Kila unaporudi kisiwani na gari umelipa safari nzima, hata kama ulikwenda kununua balbu. Basi kinachotakiwa kuhesabiwa ni idadi ya marejeo. Mpwa wangu alikuwa akitoka Jumanne kwenda kwa daktari wa meno, Alhamisi kubadilisha oili, Jumamosi sokoni. Marejeo matatu. Shughuli zile zile zikifungwa kwa siku moja ni rejeo moja, na theluthi mbili za nauli zinabaki mfukoni. Hakuna punguzo lolote la serikali linalofikia hilo. Nyumba yenye karatasi ukutani, ambamo kila mtu huandika anachohitaji kutoka ng'ambo, huokoa zaidi ya nyumba yenye kadi za kila aina.

Utaratibu huo una sura nyingine katika visiwa vya San Juan, kaskazini zaidi. Huko nauli huchukuliwa kwa anayeelekea magharibi peke yake. Mgeni mwenye gari anayetaka kutembelea visiwa viwili au vitatu hufaidika akianzia Friday Harbor, ambacho ndicho kituo cha mbali magharibi, kisha akishuka kisiwa kimoja kimoja akirudi mashariki bila kulipa tena. Akianza na kisiwa cha karibu halafu akasonga mbele, atalipia kila hatua.

Sasa kadi. Kwa wanaovuka mara kwa mara ipo tiketi ya safari nyingi, inayonunuliwa kwa mkupuo kwa bei ya chini kuliko tiketi moja moja. Ina masharti mawili ambayo hubadilisha hesabu. La kwanza, hudumu kwa muda maalumu, na safari isiyotumika ndani ya muda huo imepotea. Kwa anayerudi na gari kila wiki, kadi ni faida bila shaka. Kwa mzee anayevuka mara moja kwa mwezi inaweza kuwa hasara, kwa sababu atazika safari kadhaa akidhani ameokoa. La pili ni zuri zaidi: kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba, msimu wa wageni, nauli ya kawaida ya gari hupanda, lakini mwenye tiketi ya safari nyingi haongezewi. Kwa hiyo mtu anayesitasita aanze na kadi mwishoni mwa Aprili. Miezi hiyo mitano ndiyo inayoonyesha thamani yake.

Watoto na vijana hadi miaka 18 huvuka bure tangu Oktoba 2022, na wazee wa miaka 65 na zaidi hulipa nusu. Nauli ya gari huwa imemjumuisha dereva. Familia ya baba, mama na watoto watatu, basi, huongeza nauli ya mtu mzima mmoja tu juu ya ile ya gari. Kujaza gari ni nafuu. Kuvusha magari mawili ya mtu mmoja mmoja ndiko kunakoumiza.

Njia yenye akiba kubwa kuliko zote ni kuliacha gari, na najua ndiyo inayopokewa kwa uzito zaidi. Mvua ya Washington si ya mchezo, na muuguzi anayetoka zamu ya usiku hana hamu ya kusubiri basi. Hata hivyo, hesabu ni hesabu. Nauli ya mtu wa miguu ni sehemu ndogo ya nauli ya gari. Kuna pia boti ya abiria pekee inayotoka kaskazini mwa Vashon hadi katikati ya Seattle siku za kazi, na safari yake ni chini ya nusu saa. Waajiri wengi wa Marekani huruhusu mfanyakazi alipie usafiri wa umma kwa pesa ambayo bado haijakatwa kodi, na nauli ya feri ya abiria imo humo. Mpwa wangu alikuwa amefanya kazi pale miaka minne bila kuiuliza ofisi ya waajiriwa. Nilimkemea kidogo, kwa mapenzi.

Wenyeji wengine wana gari la pili, kuukuu, wanaloliacha ng'ambo. Asubuhi wanavuka kwa miguu, wanaliwasha, wanakwenda kazini. Ukiwasikiliza utadhani ni suluhisho la kila mtu. Mimi huwaambia watu waandike gharama tatu kwanza: bima ya mwaka, maegesho ya mwezi, na matengenezo ya gari linalolala nje. Jumla hiyo igawanywe kwa idadi ya marejeo ya mwaka mzima. Ikiwa kila rejeo linabeba gharama kubwa kuliko tofauti kati ya nauli ya gari na nauli ya miguu, gari kuukuu ni mzigo. Kwa anayevuka siku tano kwa wiki mara nyingi linalipa. Kwa anayevuka mara mbili, mara nyingi halilipi.

Tusisahau foleni. Feri nyingi za njia ya Vashon kwenda Seattle hubeba magari 124, lakini gati la Fauntleroy, upande wa Seattle, lina nafasi ya magari kama 80 tu. Wengine hupangwa barabarani, na meli huweza kuondoka na nafasi tupu kwa sababu karani hakuwahi kukagua tiketi za wote. Anayenunua tiketi kabla ya kufika hupita dirishani upesi, na anayezima injini kwenye foleni huokoa petroli ambayo hakuna mtu huiandika kwenye hesabu ya nauli.

Kwa wenzangu wa Mombasa na Dar es Salaam kuna swali la ziada, kwa kuwa sisi tuna njia ya kuzunguka. Barabara ya Dongo Kundu imempa mwenye gari anayekwenda Pwani ya Kusini nafasi ya kutogusa Likoni, na daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, limewapa watu wa Kigamboni mbadala wa pantoni ya Magogoni. Kosa ninaloliona ni kulinganisha nauli ya feri na petroli peke yake. Kilomita huchakaza matairi na kumaliza oili pia. Lakini ukikaa foleni ya Likoni saa nzima na kiyoyozi kikinguruma, nayo petroli imeungua. Andika zote mbili kwa wiki moja, ndipo uamue.

Kuna tahadhari kutoka Scotland ambayo watunga sera wa huku waisikie. Mwaka 2008 serikali ya huko ilianza majaribio katika visiwa vya magharibi: nauli ya feri ilinganishwe na gharama ya kuendesha gari umbali ule ule barabarani. Kufikia Oktoba 2015 utaratibu huo ulikuwa umeenea mtandao mzima wa feri za magharibi. Nauli zilishuka sana. Wageni nao wakaja kwa wingi na magari yao ya kulala, marefu kama vibanda, na mwenyeji aliyetaka kumpeleka mama yake hospitali akaambiwa meli imejaa. Punguzo lilikuwa la kila mtu, mgeni kwa mwenyeji. Shetland na Orkney, kaskazini, mkazi ana punguzo lake la asilimia 30 katika meli za kwenda bara, na mgeni hulipa nauli kamili. Mimi nasimama na utaratibu huu wa pili. Mgeni anaweza kuahirisha safari yake. Mwenyeji hana pengine pa kuishi.

Neno moja zito, kabla sijarudi kwa mpwa wangu. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, kikiwa kimepakia kupita kiasi. Walikufa watu zaidi ya 220. Mtu anayetafuta kuokoa pesa asikubali kamwe kubanwa kwenye chombo kilichojaa kwa sababu kinachofuata kitachelewa, wala asifiche uzito wa mzigo ulio ndani ya gari lake. Sitaha ina mita zake, na chombo chenyewe kina tani zake.

Asubuhi ile mpwa wangu alipima. Gari lake lilikuwa mita 4.2 na sentimita chache, ndani ya kundi la nafuu, ila chuma ya baiskeli iliyokuwa nyuma ilikuwa imelivusha mstari kwa muda wote huo. Aliifungua siku hiyo hiyo. Kazini sasa anakwenda kwa boti siku tatu za wiki, na gari hulivusha Ijumaa, siku ya shughuli zote. Juzi alinipigia tena akiwa juu ya sitaha. Nilisikia honi ya meli nyuma ya sauti yake, na mtoto akiuliza kama pomboo wameonekana.