Kwale ilikaliwa tangu lini? Vigae na vitabu vyajibizana

Mtaalamu wa akiolojia akitaja "Kwale", awe Dar es Salaam, Maputo au London, mara nyingi huwa hazungumzii kaunti yetu wala fukwe za Diani. Anazungumzia vyungu.

Mwaka 1966 mtafiti Robert Soper alichimba karibu na mji wa Kwale akapata vigae vya vyungu vyenye midomo iliyotiwa mifuo na mistari ya kuchorwa. Alichapisha matokeo mwaka uliofuata katika jarida la Azania. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba vyungu hivyo ni vya karibu karne ya 3 baada ya Kristo, yaani miaka 1,700 hivi iliyopita. Baadaye vyungu vya namna hiyo vilitambuliwa katika milima ya Usambara na sehemu nyingine za Tanzania, na vinavyofanana navyo vikapatikana Matola, Msumbiji. Kwa kuwa vya hapa ndivyo vilivyoipa aina hiyo jina, vyote huitwa vyungu vya Kwale. Waliovifinyanga walikuwa wakulima waliojua kufua chuma, na wataalamu wengi huwahusisha na lugha za mwanzo za Kibantu katika pwani hii.

Sasa weka hayo kando ya simulizi ambayo kila mtoto wa Kidigo au Kiduruma amewahi kuisikia: tulitoka Shungwaya, kaskazini, tukakimbia vita vya Wagala, tukaja na fingo zetu na kujenga kaya. Mwanahistoria Thomas Spear aliikusanya simulizi hiyo kutoka kwa wazee na kuiandika katika kitabu chake The Kaya Complex, kilichotoka 1978. Aliweka safari hiyo katika karne ya 16. Hata UNESCO ilipoziorodhesha kaya za Mijikenda kuwa urithi wa dunia mwaka 2008, Kaya Kinondo ikiwemo, ilieleza kwamba zilianza karne hiyo.

Lakini si waandishi wote wanaokubali. Kabla ya Spear, mwanzoni mwa miaka ya 1970, R. F. Morton alidai kwamba simulizi ya Shungwaya ilienea miongoni mwa Mijikenda mwishoni mwa karne ya 19 tu. Mwaka 1993 Justin Willis akaonyesha kwamba hata jina "Mijikenda" lilishika mizizi katika karne ya 20, enzi za ukoloni. Kisha mwaka 2000, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Bristol, Richard Helm alitumia ushahidi wa udongo kudai kwamba jamii za wakulima ziliishi bara la pwani hii mfululizo, karne nyingi kabla ya tarehe inayotajwa ya Shungwaya.

Je, wazee wetu walikosea? Kwa maoni ya mwandishi huyu, la. Wageni wanaweza kufika mahali palipo na wenyeji, wakaoana nao, na baada ya vizazi vichache simulizi ya safari ikawa ya wote, hata ya wale ambao babu zao hawakusafiri. Kigae nacho kina mipaka yake: kinasema kilichomwa lini, hakisemi aliyekifinyanga alizungumza lugha gani wala alijiita nani. Anayesema kwamba Soper alichimbua vyungu vya Wadigo anakitwisha kigae mzigo kisichoweza kuubeba.

Swali hili si la wasomi tu. Katika mizozo ya ardhi, neno "mwenyeji" hutumiwa kama hatimiliki, na neno "mgeni" kama tusi. Wamakonde wa Msambweni, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walilazimika kuandamana kwa miguu hadi Nairobi Oktoba 2016 ndipo wakatambuliwa kuwa Wakenya. Si vyema historia ya nani alifika kwanza igeuzwe rungu la kumpigia jirani.

Ushahidi wenyewe umo ardhini, na ardhi yetu inachimbwa kila siku: misingi ya nyumba, mashimo ya vyoo, machimbo ya mawe. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inamtaka anayevumbua kitu cha kale kuwaarifu wahusika. Ukikuta vigae vingi pamoja, mavi ya chuma au mifupa, simamisha jembe. Usivioshe wala kuvihamisha, kwa sababu kina cha udongo na vitu vilivyo kando ndivyo vinavyompa mtaalamu tarehe. Kigae kilichokwisha kupelekwa nyumbani ni kigae tu. Kipige picha pale pale kilipo, weka rula au kisanduku cha kiberiti kando yake kuonyesha ukubwa, kisha mjulishe chifu wako, Makavazi ya Kitaifa, au idara ya kaunti inayoshughulikia utamaduni.